Mwizi wa Usiku na Kitanzi cha Serikali

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Nyumba ya Mungu)



Tumeombwa tuseme juu ya mambo mawili: mtu avunjaye nyumba ya mwenziwe usiku, na mtu aliyehukumiwa kufa. Wengine watadhani mambo haya hayana udugu. Sisi twaona ni swali moja, nalo ni hili: ni wakati gani mwanadamu aweza kuitoa roho ya mwenziwe pasipo kuwa na hatia? Na kwa kuwa mahali tulipokutana paitwa Nyumba ya Mungu, si vibaya tukianza katika nyumba ya mwanadamu.

Wengi wetu twaishi mbali na kituo cha polisi. Mvuvi wa bwawa hili hulala karibu na nyavu zake, na mfugaji wa nyikani hulala masikio yakiwa zizini. Mtu akivunja mlango saa nane ya usiku, panga mkononi, mwenye nyumba hana nafasi ya kufungua kitabu cha sheria. Sheria yenyewe inalitambua jambo hili. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, yampa kila mtu haki ya kujilinda nafsi yake, na mwenziwe, na mali yake, kwa nguvu zinazolingana na hatari iliyopo. Haki hiyo yaweza kufika hata kuua, ikiwa mtu aliamini kwa nia njema, tena kwa sababu zenye maana, kwamba hapakuwa na budi. Lakini aliyepita kiasi katika kujilinda akaua, sheria humhesabu kuwa ameua bila kukusudia, na jaji ana nafasi ya kuipima adhabu yake.

Vitabu vya dini vilitangulia kuliona neno hili. Kitabu cha Kutoka, mlango wa 22, chamtenga mwizi anayepigwa akafa usiku akivunja nyumba, na yule anayeuawa jua limekwisha kuchomoza. Wa kwanza damu yake haidaiwi. Wa pili yadaiwa. Sababu yake si ngumu. Gizani mtu hajui aliyeingia ameshika nini; mchana anamwona, tena aweza kuita watu. Kurani nayo, katika sura ya Al-Baqara, yakubali kisasi kwa waliouawa, lakini papo hapo yafungua mlango wa kusamehe na kupokea fidia.

Basi kipimo ni hatari iliyopo saa ile ile. Mwizi akitupa panga akakimbia, hatari imepungua. Akikamatwa akafungwa kamba, hatari imekwisha. Ampigaye mtu aliyefungwa hajilindi tena. Anaadhibu, wala hakuna aliyempa kazi hiyo. Twayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa sote twaijua desturi mbaya iliyoingia mijini na vijijini: ukelele mmoja wa "mwizi!", kisha mawe na moto, na kesho yake hakuna ajuaye ni nani aliyeanza, wala kama marehemu aliiba kweli. Sheria yamruhusu raia kumkamata mtu atendaye uhalifu mbele yake, nayo yamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Ruhusa yake yaishia hapo.

Sasa tutoke katika nyumba ya mtu mmoja, twende katika nyumba kubwa, ndiyo Serikali. Kitanzi si kigeni katika nchi hizi za Upare na Kilimanjaro. Tarehe 2 Machi, 1900, Wadachi walimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine, na wazao wake wamelitafuta fuvu lake miaka mingi, wakiamini lilipelekwa Ujerumani. Waingereza wakaja na Kanuni ya Adhabu, nasi baada ya Uhuru tukairithi: mwenye hatia ya kuua kwa kukusudia adhabu yake ni moja tu, kunyongwa, na jaji hana la kuchagua.

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri la Mbushuu, alisema kwamba adhabu hii ni ya kikatili na yapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili, lakini ikasema Katiba yenyewe yairuhusu kwa manufaa ya umma. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba hatatia sahihi ya kumnyonga mtu. Hata hivyo hukumu za kifo ziliendelea kutolewa. Kisha tarehe 28 Novemba, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, si mbali na hapa, ilitoa hukumu katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, waliohukumiwa kufa na Mahakama Kuu huko Moshi. Ilisema kwamba kumnyima jaji uwezo wa kuchagua ni kuvunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga ni kuvunja heshima ya utu. Mahakama za juu za Uganda, mwaka 2009, na Kenya, mwaka 2017, zilikuwa zimekwisha kuikataa adhabu hiyo ya lazima.

Wako wenzetu watakaouliza: Na damu ya aliyeuawa je? Mama yake analia, nanyi mwamhurumia muuaji? Swali hili ni la haki, wala hatulidharau. Muuaji afungwe, hata maisha ikiwa yapasa, na jamaa wa marehemu wasiachwe peke yao. Lakini tukitumia kipimo kile kile tulichompimia mwenye nyumba, mfungwa aliye nyuma ya kuta na milango ya chuma ni sawa na mwizi aliyekwisha kufungwa kamba. Tukimkataza mvuvi, katika usiku wa hofu na hasira, asimwue mtu aliyefungwa, twawezaje kuiruhusu Serikali imwue mtu aliyefungwa miaka mingi, mchana, kwa utulivu, kwa karatasi yenye mhuri? Tena mahakama ni watu, na watu hukosea. Aliyefungwa kwa makosa aweza kufunguliwa. Aliyenyongwa nani atamfungua? Maji yakimwagika hayazoleki.

Liko na jambo la kazi yetu. Sisi makarani hatuvai joho la jaji, lakini mara nyingi shauri huanza kwa kalamu yetu. Aandikaye maelezo ya kwanza, kituoni, katika ofisi ya kata au zahanati, ndiye anayekishika kipimo mwanzo. Aandike saa. Aandike kama palikuwa na taa au mwezi. Kama mtu yule alikuwa akiingia au akitoroka. Kama jeraha li kifuani au mgongoni. Kama alikuwa amekwisha kufungwa. Asimwite mtu jambazi kabla mahakama haijasema. Neno moja lililoachwa kwa haraka laweza kumtia kitanzini mtu aliyejilinda, au kumficha mtu aliyeua asiyeweza tena kumdhuru mtu.

Na huko makwetu, yatupasa tupatane na majirani juu ya yowe la usiku, na taa, na nani atakayekimbilia polisi. Mwizi akikamatwa, awepo angalau mmoja wetu wa kusimama kati yake na mawe ya watu. Kusimama hapo kwataka ushujaa kupita kutupa jiwe, na mtumishi wa umma hana ruhusa ya kuwaachia wengine kazi hiyo.

Hayo ndiyo tuliyoyaona.