Shaba, Fedha na Dhahabu katika Jedwali la Elementi

Mendeleev alipotoa jedwali lake mwaka 1869, Waswahili walikwisha kuzijua metali kadhaa zilizomo. Sarafu za shaba zilitengenezwa Kilwa karne nyingi kabla yake. Leo shaba, fedha na dhahabu, zenye namba atomia 29, 47 na 79, zimo katika kundi la 11, na zote hupitisha umeme vizuri mno. Alama zake, Cu, Ag na Au, zatokana na Kilatini, wala si Kiingereza. Mwanafunzi wa London hujifunza kuoanisha Ag na neno la lugha yake. Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, asomaye kemia kwa Kiingereza, huinyima alama hiyo jina alijualo tangu utotoni: fedha. Upungufu, basi, haumo katika Kiswahili.