Kukokota Trela kwa Pikapu ya Zamani

Somo letu la leo ni kukokota trela lenye mzigo mzito kwa pikapu ya zamani. Shikeni neno hili: injini huweza kuvuta mzigo ambao breki haziwezi kuusimamisha.

Kwanza, hesabu. Tuseme gunia moja la mahindi lina kilo 100. Magunia 15 ni kilo 1,500. Trela lenyewe lina kilo 500. Jumla ni kilo 2,000. Je, kitabu cha gari lako kinaruhusu kilo ngapi? Kumbuka, kiasi hicho ni cha gari jipya. Gari likichakaa, punguza mzigo.

Pili, kupakia. Weka mzigo mwingi zaidi mbele ya ekseli ya trela. Katika kila kilo 100, kilo 10 hadi 15 zikilalie chuma cha kuunganishia. Kwa trela letu ni kilo 200 hadi 300. Pikapu ndiyo inayozibeba, basi zihesabu pamoja na mzigo uliomo ndani yake. Mzigo ukilemea nyuma, trela litayumba. Likiyumba, usikanyage breki kwa nguvu, wala usiongeze mwendo. Ondoa mguu kwenye mafuta, na ushike usukani imara mpaka litulie.

Tatu, ukaguzi. Tazama matairi, taa za trela na mafuta ya breki. Funga minyororo miwili, ipishane chini ya chuma cha kuunganishia. Usipakize watu juu ya mzigo.

Nne, mteremko, kama ule wa Kitonga, mkoani Iringa. Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, ili injini isaidie kulizuia gari. Ukikanyaga breki njia nzima, zitapata moto sana. Mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu hunyonya maji kutoka hewani, na kwa hiyo huchemka upesi. Yakichemka hutoa mvuke. Hapo utakanyaga breki hadi chini, na gari halitasimama. Mbele yako kuna basi limejaa abiria, au watoto watokao shule.

Basi hesabu ikikataa, gawanya mzigo, uende safari mbili. Gharama itazidi, lakini utafika.

Maswali
1. Trela lina kilo 600, na magunia ni 12 ya kilo 100. Jumla ni kilo ngapi?
2. Gia ndogo huingizwa wakati gani?
3. Kwa nini mafuta ya breki ya siku nyingi ni hatari?