Dakika Nane za Mirihi



Mtu atokaye nje usiku, mahali pasipo taa, huona nyota zisizohesabika, na karibu zote hukaa katika safu zile zile mwaka hata mwaka. Ndizo zilizowaongoza manahodha wa majahazi kutoka Uarabuni hata Lamu, Mombasa na Unguja. Lakini ziko tano zionekanazo kwa macho matupu ambazo hazitulii: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Majina hayo yalifika pwani pamoja na elimu ya Waarabu, na neno lenyewe "sayari" maana yake ni yenye kusafiri.

Iliyowataabisha wataalamu kupita zote ni Mirihi, ile nyekundu. Huenda mbele miezi mingi, kisha husimama, hurudi nyuma kwa wiki kadhaa, husimama tena, ndipo hushika njia yake ya kwanza. Hufanya hivyo kila baada ya miezi 26 hivi. Yapata mwaka 150, Ptolemy wa Iskandaria, katika nchi ya Misri, alieleza kwamba dunia imesimama katikati, na kila sayari huzunguka katika duara ndogo ichukuliwayo na duara kubwa. Hesabu zake zilitumika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 1543 kilitoka kitabu cha Copernicus, mtu wa Poland, kisemacho kwamba jua ndilo lililo katikati, nayo dunia ni sayari mojawapo. Basi Mirihi hairudi nyuma hata kidogo. Dunia, yenye mwendo wa kasi zaidi, huipita njiani, kama vile abiria wa gari la moshi liendalo mbio aonavyo gari jingine liendalo polepole upande ule ule kana kwamba linarudi. Hata hivyo Copernicus naye alishikilia duara, kwa kuwa watu wa zamani waliamini kwamba vitu vya mbinguni havifai kuwa na mwendo mwingine. Kwa hiyo Mirihi haikuonekana mahali ilipotazamiwa.

Hapo ndipo alipotokea Tycho Brahe wa Denmark. Wengi humkumbuka kwa pua yake ya madini, maana sehemu ya pua ya kuzaliwa ilikatwa katika pigano la panga mwaka 1566. Lakini yafaa zaidi akumbukwe kwa uvumilivu wake. Mwaka 1576 mfalme alimpa kisiwa cha Hven, na huko, kwa muda wa miaka 20 hivi, alipima mahali pa nyota usiku kwa usiku. Darubini ilikuwa haijapatikana. Alitumia vyombo vikubwa vya kupimia na macho yake tu. Baadaye alikosana na mfalme mpya, akaondoka mwaka 1597, akaishia Prague.

Mwaka 1600 alifika kwake Johannes Kepler, Mjerumani aliyefukuzwa katika mji wa Graz kwa ajili ya dini yake. Macho yake yalikuwa dhaifu kwa sababu ya ndui aliyougua utotoni, na kazi hana. Akapewa Mirihi. Alijisifu kwamba siku 8 zingetosha. Kazi hiyo ilimchukua miaka. Tycho alivilinda vitabu vya vipimo vyake kama bahili alindavyo fedha, lakini alifariki mwaka 1601, na Kepler alikiri baadaye kwamba alivitwaa upesi kabla warithi hawajaangalia.

Kepler alirudia hesabu ndefu za duara mara 70, mpaka akapata njia iliyopatana na vipimo karibu vyote. Viwili tu vilikataa, kwa kosa la dakika 8. Mzunguko wote wa mbingu una digrii 360, na kila digrii ina dakika 60; dakika 8 ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Ptolemy asingalijali kosa dogo namna hiyo, na mtu mwingine angalisema kwamba Tycho alikosea. Kepler alijua jinsi Tycho alivyopima. Akaitupa kazi yake mwenyewe, akaanza upya.

Alijaribu umbo la yai, likashindwa. Mwishowe alipata umbo ambalo mtu yeyote aweza kuliandika uani. Apigilie vigingi viwili ardhini, avizungushie kitanzi cha kamba kilicholegea, kisha akivute kwa kijiti mpaka kikaze, na kuandika chini huku akizunguka. Jua liko mahali pa kigingi kimoja. Penye cha pili hapana kitu. Ndiyo sababu Mirihi hufika kilometa milioni 207 karibu na jua, kisha hutengwa nalo kwa kilometa milioni 249, na ikaribiapo huongeza mwendo. Kepler alichapisha habari hizo mwaka 1609.

Kwa sheria zake alitabiri kwamba mwezi wa Novemba 1631 Utaridi ungepita mbele ya uso wa jua. Kepler alifariki Novemba 1630. Tarehe 7 Novemba 1631, huko Paris, Pierre Gassendi alielekeza darubini kwenye jua, akaiangusha picha yake juu ya karatasi, na hapo akaona kidoa kidogo cheusi kikipita.