Kabla ya kuuzisha darubini
(Maneno yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanachama, Ruashi)

 

Mkutano uliopita watu waliuliza: darubini inalala tu kwenye depo, juu ya nini tusiiuzishe, makuta yaingie kwenye kese ya magonjwa na kilio? Swali ni la haki. Mwenye mgonjwa nyumbani hali mwezi. Lakini sikieni kwanza vijana wetu wanataka kufanya nini.

Wanataka foto kubwa ya mwezi. Mwezi uko kilometa 384,400 toka hapa. Darubini yetu iko na kioo cha sentimeta 20. Hewa ikitulia, inaweza kuonyesha kitu cha kilometa moja hivi kule juu. Lakini kamera ikivuta karibu namna hiyo, inaona sehemu ndogo tu. Njo maana kazi inagawanywa, tuseme vipande 30.

Kila kipande kinachukuliwa kwa video fupi, si foto moja. Hewa inatetemeka kama juu ya moto wa makala, picha mingi zinaharibika. Programu ya bure, AutoStakkert, inachagua zile safi, tuseme 200 kwa 2,000, inazilundika kuwa moja. Halafu Hugin, nayo ya bure, inaunga vipande vyote. Sharti: kila kipande kishike karibu robo ya jirani yake. Kisipomgusa mwenzake, linabaki tundu jeusi.

Tena wasikawie. Pale mwanga unapokutana na kivuli, njo milima na mashimo yanaonekana vizuri, na mpaka ule unasogea kilometa 15 hivi kwa saa. Wataanzia pale.

Ruashi inafaa. Siku mbili kisha mwezi kupita nusu, saa 2 ya usiku unakuwa juu sana kwetu, na shimo la Copernicus linaanza kupata jua. Upana wake kilometa 93. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kama 120. Shida ni mabati: usiku yanarudisha joto la mchana, picha inachezacheza. Tunaomba mwenye parsela ya wazi, yenye nyasi, awapokee.

Mwaka 2022 Wamarekani wawili, Andrew McCarthy na Connor Matherne, walitoa foto ya mwezi yenye nukta milioni 174. Mmoja, toka Arizona, alipiga foto zaidi ya 200,000. Mwingine, toka Louisiana, alileta rangi. Kila mtu na sehemu yake.

Mtauliza: mkate uko wapi? Kuunga foto namna hii njo kazi ya wale wanaopima ardhi na migodi kwa drone. Kijana akiijua, ameshika mwanzo wa kazi.

Siombi hata franka moja ya kese. Kwa wafadhili, tunaomba odinateri ya mkono wa pili yenye nafasi kubwa, juu video ni nzito. Kwa wanachama, naomba mnyooshe mkono: darubini isiuzishwe mpaka kiangazi kiishe. Mvua ya kwanza ikinyesha na foto haiko, mimi njo nitakuwa wa kwanza kusema iuzishwe.