Mpaka Unapita Kidete

 

Usalama wa mipaka ukitajwa, mawazo hukimbilia Namanga, Tunduma, Rusumo na Horohoro. Jioni hii naomba tuipeleke mada hii Kidete. Kidete ni kata ya Wilaya ya Kilosa katika bonde la Mto Mkondoa, na ni stesheni ya Reli ya Kati kabla hujafika Gulwe ukitokea Kilosa mjini. Wengi nchini hulisikia jina hilo wakati wa mafuriko tu, mto unapokula tuta la reli, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, treni zikasimama kwa miezi. Tanzania inapakana na nchi nane, na hakuna hata moja iliyo jirani na Kidete. Lakini chora kwenye ramani njia za magendo yanayotutia hofu: wahamiaji wanaofichwa ndani ya malori, unga unaoshushwa pwani, meno ya tembo yanayotafuta bandari. Mistari yako itasongamana katika ukanda huu, kati ya reli ya bondeni na barabara kuu ya Zambia inayokatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi.

Nasema hivi: uhalifu wa kupangwa huwa umeingia nchini siku unapopata mwenyeji. Mwenyeji ni yule anayeuficha, anayeulisha, anayeuandikia karatasi na kuupa gari. Kabla ya hapo ni mzigo tu uliokwama porini. Mpaka unaohitaji kulindwa kwa bidii uko huku ndani, na tumeuacha wazi kwa sababu macho yetu yote yameelekezwa kwenye sura ya mgeni.

Bonde la Mkondoa limeijua hofu hii kabla nchi yetu haijawa na jina. Misafara ya pembe na watumwa iliyoshuka Bagamoyo na Saadani ilipita humu, Usagara. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita huku mwaka 1857, Stanley akafuata mwaka 1871. Watawala wa njiani waliitoza misafara hongo, ambayo siku hizo ilikuwa ushuru halali wa kupita: mgeni alisimama, akajieleza, akalipa, akapewa njia. Huo ulikuwa udhibiti wa mpaka wa zama zile, nao uliendeshwa na wenye vijiji wenyewe.

Novemba 1884 akaja Mjerumani Carl Peters. Yeye na wenzake walifika Zanzibar wakitumia majina ya bandia, wakavuka bara kimyakimya, wakapanda hadi Usagara. Tarehe 29 Novemba, huko Msowero, ndani ya wilaya hii hii ya Kilosa, mtawala Mangungo aliweka alama yake kwenye karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi juu ya nchi ambazo karatasi za namna hiyo zilidai kuwa zimetolewa. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza wakakaa Berlin, wakagawana ardhi kwa kupiga mistari. Ndugu zangu, mipaka yetu ya leo ilitokana na udanganyifu uliofanyika katikati ya nchi. Aliyeufanya hakuwa na mpaka wa kuvuka. Alichokuwa nacho ni karatasi, mkalimani na wapagazi.

Shuleni tumefundishwa kumcheka Mangungo, na jina lake tunalitumia kama tusi kwa kila kiongozi anayesaini mkataba mbovu. Naona tunamwonea. Alimpokea mgeni kwa taratibu alizozijua, na hakuwa na njia ya kujua kwamba alama yake ingesomwa Berlin kama hati ya mauzo. Wanaostahili lawama ni walioandika kile wasichokisema na wale waliowaongoza njia wakijua kinachotendeka. Nimekirefusha kisa hiki kwa makusudi, maana mpangilio wake haujabadilika: mgeni mwenye nia ovu hufika na nyaraka, na mtu wa kwetu humtafsiria.

Tutazame meno ya tembo. Mwaka 1976 ndovu wa ukanda wa Selous na Mikumi walizidi 100,000. Mwaka 2009 walikuwa kama 39,000. Sensa ya 2013 ilihesabu 13,084. Katika miaka minne ile, theluthi mbili ya ndovu waliokuwa wamebaki walitoweka, na magazeti yetu yalijaa habari za mitandao ya kigeni. Mitandao hiyo ilikuwepo kweli. Oktoba 2015 alishtakiwa raia wa China, Yang Fenglan, aliyeitwa Malkia wa Meno ya Tembo, na Februari 2019 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa biashara ya vipande 860 vya meno ya tembo.

Sasa tazameni huyu mgeni alikuwa mgeni kiasi gani. Alikuja nchini miaka ya 1970 akiwa mkalimani wa Kiswahili wakati wa ujenzi wa TAZARA, reli ile ile inayokutana na tawi letu la Kilosa pale Kidatu. Akajenga maisha Dar es Salaam, akamiliki mgahawa, akajulikana na watu wa biashara. Hakuna afisa wa Uhamiaji ambaye angemzuia kwa kuitazama pasipoti yake. Na alihukumiwa pamoja na Watanzania wawili. Zaidi ya hao, jino la tembo haliondoki Mikumi kwa miguu yake. Kuna aliyetoa bunduki, aliyefyatua, aliyebeba usiku, aliyechimbia nyuma ya nyumba, dereva aliyelipitisha kwenye mizani, na karani aliyegonga muhuri juu ya kontena akaandika kwamba ndani mna kitu kingine. Tulihofia kuingiziwa uhalifu, na wakati huo huo sisi tulikuwa wauzaji wake nje.

Serikali ilipoamua kupambana, hofu ndiyo iliyoshika usukani. Septemba 2013 ilianza Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu mikoa ya magharibi, Kagera, Kigoma na Geita. Wakaondolewa hata watu walioishi huko kwa miongo, wenye mashamba, wake, waume na wajukuu hapa. Oktoba ikafuata Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Lengo lilikuwa jema, nami nalitetea hadi leo. Lakini bungeni zikasomwa taarifa za watu walioteswa, waliouawa, wanawake waliodhalilishwa, na mifugo iliyopigwa risasi. Operesheni ikasitishwa mwanzoni mwa Novemba, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Hasara kubwa kuliko zote ilikuwa ya taarifa. Mwanakijiji aliyepigwa na doria hatapiga simu akiona gari geni limeegeshwa pembeni mwa hifadhi.

Na kwa Kilosa tunajua hofu ya mgeni ikiachwa huru hufika wapi. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Wote walikuwa Watanzania. Miaka mingi kabla ya siku ile, wafugaji waliitwa wageni, na wao waliwaona wakulima kama watu wanaotaka kuwafukuza. Neno mgeni likitumika ovyo, jirani hugeuka adui bila kuvuka mpaka wowote.

Kuna jambo ambalo siwezi kulizungumza bila uchungu. Juni 2012, katika Kijiji cha Chitego, Wilaya ya Kongwa, upande wa pili wa milima ya Kilosa, wanakijiji walikuta maiti porini. Walikuwa zaidi ya 40, vijana wa Ethiopia, waliokosa hewa ndani ya lori lililofungwa huku wakisafirishwa kuelekea kusini. Wenzao waliokuwa bado hai walitelekezwa hapo hapo, dhaifu, na lori likaondoka. Vijana hao huanza safari kusini mwa Ethiopia, huvuka Kenya kupitia Moyale, huingizwa kwetu kwa njia za panya, kisha hutafutwa gari la kuwapeleka Mbeya, Tunduma au Kasumulu, hadi Malawi, Msumbiji na Afrika Kusini. Kila kipande cha njia kina wakala wake. Kipande cha hapa kwetu hakina wakala Mhabeshi, kwa sababu Mhabeshi hajui Kiswahili wala hajui nyumba ipi ina ua mrefu. Wakala ni wa hapa.

Tangu 2008 tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Hata hivyo, gari likikamatwa barabara ya Iringa, picha inayotolewa ni ya vijana waliochoka wameketishwa chini, na mara nyingi wao ndio wanaosimamishwa kizimbani kwa kuingia nchini bila kibali. Aliyelipa nauli anafungwa. Aliyepokea nauli anatafuta gari jingine. Tumeyataja makosa ya maiti wale wa Chitego kuwa ya uhamiaji, ilhali waliuawa kwa tamaa ya biashara iliyoendeshwa kwenye ardhi yetu.

Kuhusu dawa za kulevya nitasema machache, maana wenzangu wa tiba wanayajua zaidi. Heroini ya Afghanistan hushuka kwa majahazi kutoka pwani ya Makran kuja Afrika Mashariki. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi karibu na pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Kati ya mikoa hiyo miwili kuna Mkoa wa Morogoro na mji wa Mikumi, na vijana wetu wanaokesha kwenye vituo vya malori.

Umoja wa Mataifa ulipoandika Mkataba wa Palermo wa mwaka 2000 dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, ulilieleza kundi la namna hiyo kuwa la watu watatu au zaidi, linalodumu kwa muda fulani na kutenda kwa pamoja makosa makubwa kwa ajili ya faida. Uraia wao hauulizwi. Sheria yetu ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984, iliyofuata kampeni ya Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya walanguzi, nayo iliwaelekea zaidi watu wa ndani. Tulilijua hili zamani. Tumelisahau.

Basi kazi ianzie wapi? Treni ya umeme inapita bonde hili tangu 2024, na Kidete ina stesheni yake ya reli mpya. Mizigo na wageni wataongezeka, na Kilosa wamengojea hilo kwa hamu. Sitaki kuona stesheni hiyo ikigeuzwa mahali pa kumsimamisha kila mwenye sura ngeni au lafudhi ya kaskazini. Nataka kuona daftari la wakazi la mtendaji wa kijiji likiandikwa kweli, na kitabu cha wageni cha nyumba ya kulala kikikaguliwa na mtu anayelipwa mshahara wa kumtosha. Mgambo anayekesha bila posho, akiombwa kulinda taifa, ataombwa na wengine pia, nao watakuwa na fedha mkononi.

Nataka zaidi ya yote mtoa taarifa alindwe. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ipo tangu 2015, lakini kijijini ulinzi wake lazima uanze na siri. Mama anayeuza chai karibu na kituo cha malori huona magari yanayosimama bila sababu na huijua nyumba inayonunua mikate mingi kuliko watu wake. Akienda kusema, asikute jina lake limetajwa baa jioni ile ile. Mpaka hilo lithibitike kwake, hatuna haki ya kumlaumu kwa kunyamaza.

Na chuo hiki kina kazi yake. Naomba wanafunzi wa sheria mwaka huu waombe kibali waende mahakama za Kilosa, Mikumi na Morogoro, wasome majalada ya kesi za wahamiaji, nyara na dawa za kulevya yaliyokwisha kufungwa, na waandike kwa kila jalada nani alishtakiwa: abiria, dereva, mwenye gari, mwenye nyumba, au aliyegonga muhuri. Waandike na adhabu aliyopewa kila mmoja. Taarifa hiyo iwasilishwe kwanza Kilosa, kwenye mkutano wa hadhara, kisha iende wizarani.

Wenyeviti wa vijiji kutoka Kidete na Mikumi wameketi mstari wa mbele. Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo, kwa ruhusa yako, naomba maswali na michango ianze na wao kabla ya sisi walimu.