Baada ya Matanga: Mali ya Marehemu na Neno la Wazee

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka)



Halmashauri imetuagiza sisi wa ofisi tuseme machache juu ya jambo ambalo huletwa mezani petu mara kwa mara, nalo ni mali anayoiacha mtu akifa.

Chama chetu ni cha kuzikana. Mwanachama akifiwa, twajua la kufanya. Daftari la michango lapitishwa, jeneza lanunuliwa, gari lakodiwa, na maiti yafikishwa nyumbani kwa heshima. Hakuna awezaye kutulaumu kwa hilo. Lakini maturubai yakishaondolewa na masufuria yakirudishwa kwa wenyewe, mjane hubaki na sanduku la karatasi asijue pa kuanzia. Benki yamwambia kuwa akaunti imefungwa. Shule yadai karo. Shemeji mmoja amekwisha kuondoka na pikipiki ya marehemu, na mwingine aonekana asubuhi akilipima shamba kwa hatua za miguu. Wakati huo ndipo sisi tunapokuwa hatuonekani.

Sheria itumikayo ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Aliyekufa kabla ya siku hiyo, mali yake hugawanywa kwa kufuata sheria au desturi iliyokuwapo alipokufa, ila mwenendo wa kwenda kortini ni huu huu wa sheria mpya. Twalitaja hilo kwa kuwa mashamba mengi yangali katika jina la babu. Ardhi ilipopimwa na kuandikishwa kufuatia mpango wa mwaka 1954, ule ulioitwa kwa jina la Bwana Swynnerton, mzee aliandikwa daftarini, naye amekwisha kufa. Mwanawe alilima akafa. Leo mjukuu ataka hati yake mwenyewe, na hawezi kuipata mpaka mali ya babu ishughulikiwe kortini, kisha mali ya baba. Kila kifo kilichoachwa vivi hivi chaongeza fundo juu ya fundo, na mashahidi wanaojua nani ni nani wazidi kupungua.

Kabla ya lo lote, mali ya marehemu isiguswe. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo chasema kwamba mtu asiyepewa mamlaka na sheria akiichukua, akiiuza au kuitumia mali hiyo, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili, na juu ya hayo atajibu kwa alichokichukua. Haidhuru awe ni ndugu tumbo moja. Hata kijana anayejua namba ya siri ya simu ya baba yake na kutoa fedha usiku wa kifo, amegusa. Penye haja ya haraka, kama vile mifugo inayohitaji kutunzwa au kodi ya nyumba inayohitaji kukusanywa, korti yaweza kutoa hati ya muda ya kukusanya na kuilinda mali, bila ruhusa ya kuigawa.

Kisha cheti cha kifo. Wengi hudhani kile kibali cha mazishi ndicho cheti; sicho. Cheti hutolewa na msajili wa vizazi na vifo, na bila hicho korti haitalipokea ombi.

Sasa twafikia jambo lililotuleta hapa. Ombi la kusimamia mali ya mtu aliyekufa bila wosia hufuatana na barua ya Chifu. Barua hiyo humtaja marehemu na kuwataja watu aliowaacha. Naye Chifu, aliye na maelfu ya watu katika lokesheni yake, atawajuaje watoto wa kila nyumba? Huwaita wazee na kuwauliza. Kwa hiyo, Wazee wetu, ninyi ndio chanzo cha barua hiyo. Mnalolisema chini ya mti au ofisini kwa Chifu ndilo linaloandikwa, ndilo linaloapiwa katika hati ya kiapo, na ndilo atakalolisoma hakimu asiyepata kufika kwetu hata siku moja.

Mtuwie radhi tukisema kwamba mahali hapa ndipo mambo yanapoharibikia. Hutajwa wana, wakaachwa mabinti walioolewa, kwa kuwa husemwa kwamba wamekwenda kwao. Huachwa mke wa pili aliyekuwa akikaa mjini, pamoja na watoto wake, ili kuepusha aibu. Huachwa watoto wa mwana aliyetangulia kufa kabla ya baba yake. Anayewaacha huenda adhani kwamba anailinda boma. Sheria haioni hivyo. Mtoto ni mtoto, awe mume au mke, ameolewa au hajaolewa. Mtoto aliye tumboni baba akifa naye yumo. Mtoto wa nje, ambaye marehemu alimkubali au kujitwika malezi yake kwa hiari, yumo. Wajukuu walioachwa na mtoto aliyekufa huchukua fungu la mzazi wao. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la nyumba mbili, ambamo korti ya chini ilikuwa imewapunguzia mabinti ekari kwa hoja kwamba huenda wakaolewa. Ikaitengua hukumu hiyo na kuwapa fungu sawa na la ndugu zao wa kiume. Miaka mitano baadaye Katiba ya mwaka 2010 ikaja na fungu lake la usawa, na mlango ule ukafungwa kabisa.

Binti asiyetaka kurithi aweza kukataa, hakuna amlazimishaye. Lakini akatae yeye mwenyewe, kwa maandishi na kwa saini yake, wala si kakaye kumsemea. Tumeona kwamba mabinti wengi wakiitwa na kuulizwa kwa heshima huridhika na kidogo, au huwaachia ndugu zao. Wasiohojiwa ndio wanaokuja na mawakili.

Na wakija, hupata nini? Kifungu cha 76 chaipa korti uwezo wa kuifuta hati ya usimamizi wakati wo wote, ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu, au kwa kuficha jambo lililopasa kusemwa, au kwa neno lisilo la kweli, hata kama lilisemwa kwa kutojua. Miaka kumi ya mapatano, ada za mpimaji, na mipaka iliyokwisha kupandwa miti, vyote vyaweza kurudi mwanzo kwa ajili ya jina moja lililoachwa katika barua.

Barua ikiwa safi, yaliyobaki ni uvumilivu. Mali yote ikiwa haizidi shilingi milioni 20, ombi laweza kusikilizwa na Hakimu Mkuu, au na mahakimu walio chini yake kwa viwango vyao. Ikizidi hapo ni la Mahakama Kuu. Kwa Waislamu yupo Kadhi. Fomu ya ombi ni namba 80, na hati ya kiapo inayofuatana nayo ni namba 5, ambamo huandikwa warithi wote, mali yote na madeni yote. Wa kwanza kupewa usimamizi ni mume au mke aliyebaki, si kaka wa marehemu, ingawa kwetu kaka ndiye hutangulizwa. Ikiwa wamo watoto wadogo, wasimamizi wasipungue wawili. Wasizidi wanne kwa hali yo yote. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kisha hati hutolewa.

Hapo wengi hukosea kwa furaha. Hati hiyo ya kwanza humpa msimamizi mamlaka ya kukusanya na kulipa madeni, si ya kuuza ardhi wala kuigawa. Yampasa angoje miezi 6, kisha arudi kuomba hati ithibitishwe, akiwa na mgawanyo uliotiwa saini na warithi. Asikae zaidi ya mwaka bila kuomba, maana hilo nalo ni sababu ya kufutwa. Gharama za mazishi na madeni hutangulia urithi. Kwa hiyo risiti za jeneza na gari zitunzwe. Baada ya uthibitisho ndipo ofisi ya ardhi itakapobadili majina.

Kuhusu nyumba za wake wengi, tutoe mfano, kwa kuwa ndipo penye kelele. Mzee ameacha ekari 18, mke wa kwanza mwenye watoto watano, na wa pili mwenye watoto wawili. Desturi ya wengi ingezigawa ekari 9 kwa 9, nyumba kwa nyumba. Sheria huhesabu watu: watoto wa kila nyumba, na mama yao huongezwa kama mmoja. Nyumba ya kwanza ni sita, ya pili ni watatu, jumla tisa. Hivyo ekari 12 kwa 6. Katika nyumba yake, mjane hushika fungu hilo maisha yake yote kisha watoto hurithi, wala hawezi kuuza ardhi bila idhini ya korti. Tukumbuke pia kwamba katika wilaya kadhaa za wafugaji, kama Turkana, Samburu, Kajiado na Narok, sheria iliacha ardhi ya kilimo na mifugo ya asiye na wosia zifuate desturi ya mwenyeji.

Mtu akitaka kuwapunguzia jamaa mzigo huu, aandike wosia angali na nguvu, mbele ya mashahidi wawili wasiorithi kitu. Wosia wa mdomo nao wakubalika mbele ya mashahidi wawili, lakini aliyeutamka asipokufa ndani ya miezi 3 huwa si kitu. Katika chama cha ushirika na katika mfuko wa pensheni, mtu huandika jina la wa kupokea. Litazameni jina hilo, huenda bado ni la mama aliyekwisha kufa. Fedha zisizoulizwa na mtu, kwa Sheria ya mwaka 2011, hupelekwa kwa Mamlaka ya serikali inayozihifadhi. Warithi waweza kuzidai huko, nao wataulizwa hati ile ile ya korti.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, ofisi yaleta hoja mbele ya mkutano huu: kwamba kila mwanachama akifa, chama kiteue watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, wamfuate mfiwa hadi kwa Chifu na kwa msajili, kwamba wazee wa mji wakae na nyumba zote za marehemu, pamoja na mabinti walioolewa, kabla ya barua kuandikwa, na kwamba masalio ya mchango wa mazishi yalipie cheti cha kifo na uchunguzi wa daftari la ardhi kabla ya kukabidhiwa jamaa. Twaomba ipigiwe kura leo, kabla ya hesabu za mwaka kusomwa.