Tasnifu za afya zisiishie kabatini

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitabu ambacho wengi wetu hatujapata kukiona, ingawa huenda maneno yetu wenyewe yamo ndani yake. Kitabu hicho ni tasnifu ya shahada ya uzamivu katika fani ya afya.

Siku moja nilifuatana na jamaa yangu anayesomea shahada hiyo. Alikuwa anakwenda kijijini kuuliza wazazi habari za homa za watoto. Tuliketi chini ya mwembe na mama mmoja wa makamo, naye akayajibu maswali yote, ukurasa baada ya ukurasa, huku akichambua mchele. Mwishoni jamaa yangu akauliza, kama ilivyo desturi, "Na wewe mama, una swali lolote?"

Mama akasema, "Ninalo moja, mwanangu. Mwaka juzi alikuja kijana kama wewe. Naye aliuliza hivi hivi, na watoto wetu wakachomwa vidole wakatolewa damu. Majibu yake yalisemaje?"

Jamaa yangu akanyamaza. Hakujua.

Ndugu msikilizaji, swali la mama yule limenikaa kichwani hadi leo. Lakini kabla ya kulijibu, tuangalie tasnifu hizi zinavyoandikwa, maana hapana shaka kazi yake ni ngumu na inastahili heshima.

Anayeandika tasnifu ya namna hii si lazima awe daktari wa sindano. Anaweza kuwa muuguzi, mfamasia, mtaalamu wa lishe au wa afya ya jamii. Kwanza huandika pendekezo la utafiti, na wasimamizi wake hulikatakata mara nyingi kabla ya kulikubali. Kisha huomba kibali cha maadili chuoni, na hapa Tanzania pia katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa mwaka 1979. Ndipo huingia vijijini, akarudi na makaratasi na chupa za damu, akakaa mbele ya kompyuta kuchambua takwimu. Mwisho huandika sura zake na kuzitetea mbele ya watahini, akiwamo mtahini wa nje. Miaka minne hupita, wakati mwingine sita.

Sasa, katika safari hiyo yote, Kiswahili kinafanya kazi gani? Kwa hakika kinafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Chukua mfano wa malaria. Tafiti zilizofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba wazazi wengi hawakuhesabu degedege kuwa ni malaria. Homa ya kawaida waliipeleka hospitali, lakini mtoto akishikwa na degedege wengi waliona ni mambo ya shetani, wakaanza kwa mganga. Kwa daktari, degedege hilo mara nyingi ni malaria kali iliyopanda kichwani, na kila saa inayopotea ni ya hatari.

Mtafiti anayetafsiri swali lake la Kiingereza neno kwa neno, akauliza, "Mtoto wako amewahi kuugua malaria kali?" atajibiwa hapana. Na mama huyo hatakuwa amesema uongo. Ndiyo maana hojaji nzuri hutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine ambaye hakuiona ile ya kwanza huirudisha katika Kiingereza ili ionekane kama maana imebaki palepale. Halafu hujaribiwa kwa watu wachache kabla ya kazi yenyewe kuanza. Fomu ya ridhaa nayo husomwa kwa Kiswahili ili mtu ajue anakubali nini.

Kwa hiyo wakati wa kulima na kupalilia, Kiswahili ndicho kinachoshika jembe. Ukifika wakati wa kugawana mavuno, hakialikwi. Tasnifu huandikwa Kiingereza, makala zake hutoka katika majarida ya ng'ambo, nakala moja huwekwa maktaba ya chuo na ripoti hupelekwa wizarani. Chini ya mwembe hairudi.

Wako watakaosema, "Wanakijiji watafanya nini na takwimu?" Wenye kusema hivyo na wakumbuke Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Wananchi wa huko waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo za biashara zilizokuwa zikivushwa mpakani kutoka Uganda. Uvumi ulikuwa mwingi kuliko habari. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Sweden walipima damu za watu wazima. Katika Bukoba mjini walikuta kwamba kati ya kila watu wazima 100, 24 walikuwa na virusi. Walirudia kupima mwaka 1993, wakakuta 18. Mwaka 1996 wakakuta 13.

Hizo si tarakimu za kupamba kitabu. Kijana anayejua kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne mjini kwake ana virusi ataamua mambo yake kwa namna moja, na anayesikia habari za nguo zenye mkosi ataamua kwa namna nyingine. Na kijana yule anapoambiwa baadaye kwamba idadi imepungua, anajua kuwa ugonjwa unaweza kushindwa. Takwimu ni dawa kwa anayeipata.

Kutokana na utafiti huo wa Kagera, wasomi wetu waliandika tasnifu za uzamivu katika Chuo Kikuu cha Umeå, kaskazini mwa Sweden, mojawapo mwaka 1994 na nyingine mwaka 2001. Huko Sweden wana desturi ambayo ningependa tuitazame. Majuma kadhaa kabla ya siku ya utetezi, tasnifu hupigiliwa msumari ukutani chuoni, kitabu chenyewe kikaning'inia, ili mtu yeyote aione na aisome. Utetezi nao hufanywa mbele ya hadhara. Zaidi ya hayo, tasnifu zao nyingi za tiba zilizoandikwa Kiingereza huwa na kurasa chache za muhtasari kwa Kiswidi. Waholanzi nao hufanya hivyo kwa lugha yao.

Waswidi ni kama milioni 10 tu, na wengi wao Kiingereza wanakijua vizuri. Hata hivyo hawakuona aibu kuwaandikia watu wao kwa lugha ya nyumbani. Sisi tunaozungumza lugha ya mamilioni mengi kuliko hao, tunaona haya ya nini?

Jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba maneno hayapo. La hasha! UKIMWI ulipoingia, Kiswahili hakikuwa na jina lake. Likaundwa kutokana na maneno Upungufu wa Kinga Mwilini, na haikupita miaka mingi kila mtoto wa shule akalijua. Palipo na haja, maneno hupatikana.

Wala sisemi Kiingereza kiachwe. Mtahini wa nje lazima asome, na sayansi ni mali ya dunia nzima. Tena sitaki kumlaumu mwanafunzi peke yake. Mfadhili humpa nauli ya kwenda kuchukua takwimu, hampi nauli ya kuzirudisha. Chuo humhesabia makala zilizochapishwa, hakimhesabii mkutano wa kijiji. Mtu aliyebanwa na muda na fedha atafanya kile kinachohesabiwa.

Basi tukihesabu na hicho. Azimio la Helsinki, ambalo Jumuiya ya Madaktari Duniani ililipitisha mwaka 1964, lilifanyiwa marekebisho mwaka 2013, nayo yanasema kwamba wote wanaoshiriki utafiti wa tiba wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo yake kwa jumla. Kwetu hapa jambo hilo lingeweza kutekelezwa kwa hatua tatu nyepesi.

Kwanza, kila tasnifu ya afya inayohusu wananchi wetu iwe na kurasa tano za Kiswahili zinazosema tuliuliza nini, tulikuta nini, na nini kifanyike. Pili, nauli ya kurudi kijijini iandikwe katika bajeti tangu siku ya pendekezo. Tatu, kabla mwanafunzi hajavaa joho, alete chuoni muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye mhuri wa mtendaji, kuonyesha kwamba matokeo yamesomwa na nakala imeachwa kwenye zahanati. Yasomwe matokeo ya jumla, bila shaka. Damu ya mtu mmoja ni siri yake, na siri hiyo lazima ilindwe mkutanoni kama inavyolindwa hospitalini.

Faida haitakuwa ya wanakijiji peke yao. Yule jamaa yangu alipofika kwenye kuandika, nilimkumbusha habari za mama wa mchele. Akaandika kurasa zake za Kiswahili. Baadaye aliniambia kwamba zilimchukua muda kuliko sura nzima ya Kiingereza, na kwamba alipofika kwenye hoja moja ya mjadala wake, Kiswahili kikamgomea. Alipoitazama vizuri akakuta tatizo si lugha. Hoja yenyewe alikuwa hajaielewa. Ikambidi arudi kwenye takwimu zake.

Mwaka uliofuata alipanda basi, akaenda kuzisoma kurasa zile chini ya mwembe. Mama alikuwapo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, yote mawili magumu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni anayepokewa vizuri kuliko wageni wengi, kwa kuwa hupewa hadi damu ya watoto wa mwenyeji. Mgeni wa namna hiyo hana budi kurudi na jibu.

Kwa leo naishia hapo, ndugu msikilizaji. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.